Kidato cha Sabini na Tatu

Jua lilikuwa limekwisha kuinama nyuma ya ngome pale Fundi aliponigeukia langoni na kuniomba nirudi juu kufuata kofia.

"Shemeji, kofia yake imebaki mnarani. Kimbia umletee kabla hawajafunga."

Aliniita shemeji. Siku ile nzima alikuwa amenichoma kwa neno hilo mara kumi na moja, nilizihesabu. Hakuwa na nia mbaya. Hata msumari hauna nia mbaya na ubao.

Binamu yangu, mwenye kofia, alisimama kando yake kichwa wazi, mikono imenyooka ubavuni, macho yakitazama mbele. Hakusema ahsante. Tangu ateremke kutoka mnarani, yapata nusu saa, hakuwa ametamka neno hata moja... naye ni mtu ambaye nyumbani tulizoea kumwomba anyamaze ili tusikie redio.

Nikageuka, nikakipanda kilima. Ni kazi ndogo, ya dakika kumi. Ila ili ieleweke, yanipasa nirudi nyuma kidogo, mpaka kwenye shati.

Mimi ni msahihishaji katika kiwanda cha chapa. Husoma karatasi za majaribio kabla kitabu hakijachapwa, kalamu nyekundu mkononi, nikiwinda makosa ya wenzangu. Meza yangu iko dirishani, na ng'ambo ya barabara, mkabala wa dirisha hilo, pana duka la mshonaji ambaye mtaa mzima humwita Fundi. Kwa miaka miwili nilimtazama akiinamia cherehani yake, pini mdomoni, futi ya utepe shingoni. Na kwa kuwa mtu hawezi kuvuka barabara bila sababu, nilijitengenezea sababu: nilikuwa nikikata vifungo vya mashati yangu kwa wembe. Kifungo kimoja kwa juma. Fundi alikuwa akivishona upya huku akiniuliza kama shati hulivaa mimi au hulivaa mbuzi.

Siku moja alitaka kujua zile alama nyekundu nizichorazo kutwa zina maana gani. Nikamwonyesha mbili. Mstari uliopita juu ya maneno, wenye mkia uliojikunja, maana yake: futa. Na nukta zilizopangwa chini ya maneno yaliyofutwa maana yake: nimekosea kuyafuta, yarudishwe. Alizipenda zile nukta. Alisema zinafanana na mishono yake. Tangu hapo akaniita Nukta, na jina likanikaa hata nyumbani.

Kisha nikashikwa na homa, na shati langu liko dukani.

Binamu yangu alikuwa likizo kutoka jeshini. Mama yake, mdogo wake mama yangu, alifariki sisi tukiwa wadogo, hivyo tulilelewa nyumba moja, sahani moja, tukigombea mto mmoja. Nilimwambia kutoka kitandani: "Tangulia dukani, nami nitakuja nikipata nafuu." Akatangulia. Nilipopata nafuu na kuvuka barabara, niliwakuta wawili hao wakicheka kicheko kimoja, kama watu waliokizoea miaka mingi. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema waliotutangulia. Changu kilipitia tundu la kifungo.

Sitamsingizia. Alinijia mapema, uso umejaa haya, akaniuliza kama nina neno na yule dada, kwa maana kama ninalo, yeye atakaa kando. Nilimjibu kuwa sina neno. Nilikuwa na beti arobaini, zimefungwa sandukuni kwa uzi.

Miezi minane baadaye walikuwa wachumba. Jeshi likampandisha cheo, nasi sote tukaanza kumwita Sajini. Fundi akaanza kumshonea koti la harusi. Mimi nikaendelea kukata vifungo.

Safari ya ngome ilikuwa rai ya Sajini. Alitaka kumwonyesha mchumba wake makumbusho mawili ya kijeshi yaliyomo ndani ya kuta zile, na akasisitiza nami niende, kwa kuwa kitabu cha mwongozo wa ngome kilichapwa kwetu na mimi ndiye niliyekisahihisha. "Utatusomea, Nukta," alisema, na kunipiga bega.

Makumbusho ya kwanza yalikuwa ya silaha. Mikuki, mizinga midogo, bunduki ndefu zilizosimamishwa ukutani kama wanafunzi waliokosea. Na harufu ya mafuta ya bunduki iliyokwama kooni. Sajini alizungumza bila kumeza mate. Ya pili yalikuwa ya kikosi cha ngome: sare, nishani, barua. Humo Fundi ndiye aliyekuwa mwenyeji. Alipiga magoti mbele ya kabati la kioo, akachunguza koti zito la sufu lililoliwa na nondo, akasema kuwa mwenye koti hili alikuwa na mikono mirefu isiyo ya kawaida. Mikono imeongezwa kitambaa kwenye pindo, na aliyeiongeza alikuwa akishona kwa upendo, kwa sababu mshono wa kazi na mshono wa upendo haifanani. Sajini alimshika kiwiko kumwinua. Hakukiachia. Mimi nilifuata nyuma yao, kama mkato uliopoteza sentensi yake.

Mtembezaji wetu alikuwa mama wa makamo mwenye mafua na rundo la funguo kiunoni. Wenzake walimwita Bi Funguo. Alitufungulia daftari la zamu. Alieleza kuwa zamani mlinzi wa mnara alikuwa akipanda peke yake jioni na kupokewa alfajiri. Chini ya ngazi mkubwa wake alimwambia neno moja la amri, naye akapanda. Kisha akatuonyesha ukurasa wa mwisho. Mlinzi ameandikwa kuingia. Kutoka hakuandikwa.

Fundi aliuliza kama alisahauliwa.

Bi Funguo akapenga kamasi. "Wengine husema alisahauliwa, mwanangu. Wengine husema alisahaulishwa. Tofauti ni herufi mbili tu."

Sajini alicheka, akasema kwao mlinzi akisahauliwa hulala. Bi Funguo hakucheka. Wala hakusema hilo neno la amri lilikuwa neno gani.

Mimi nililijua.

Lilikuwamo katika muswada wa kile kitabu cha mwongozo, ulioandikwa na karani mmoja wa ngome aliyekwisha kustaafu na kuhama pasipojulikana. Ukurasa wa kumi na moja: *Wageni wanaombwa wasiambiane "tangulia" chini ya ngazi ya mnara. Neno hilo lilikuwa amri ya zamu, na hata leo linasikiwa.* Ukurasa ule ulikuwa umezidi mistari miwili, na sentensi zile zilikuwa mistari miwili. Nilizipitishia kalamu, nikaukunja mkia. Ilikuwapo pia kasoro nyingine. Ukurasa wa tano ulisema ngazi ina vidato sabini na viwili. Ukurasa wa kumi na moja ulisema sabini na vitatu. Pembeni, kwa penseli, karani alikuwa amejibu swali ambalo hakuna aliyekuwa amemuuliza: *Idadi zote mbili ni sahihi.* Nilidhani anatania. Nikaandika sabini na viwili kotekote.

Tulifika chini ya mnara alasiri ikiwa inakwisha. Ngazi ile ni nyembamba, ya kuzunguka, ya mtu mmoja mmoja. Fundi hakutaka kupanda. Alitaka kurudi kwenye lile koti la sufu. Alipokuwa akiondoka aligeuka, akamwambia Sajini, kwa sauti ambayo katika miaka miwili ya vifungo sikuwahi kuisikia, "Usikawie, mpenzi wangu."

Niliihisi kwenye meno.

Sajini alijiweka kando. Ni mtu wa adabu. Alinyoosha mkono ili nipite mbele.

Nikamwambia, "Tangulia."

Naapa sikuliamini neno lile. Lakini siwezi kuapa kwamba sikulikumbuka.

Akapanda. Mimi nikabaki chini, mkono ukutani, na kwa mazoea ya kazi nikahesabu nyayo zake. Sitini na nane... sabini... sabini na moja... sabini na mbili.

Kisha moja zaidi.

Halafu kimya. Kimya kile hakikuwa cha mtu aliyesimama. Kilikuwa cha mahali pasipo na mtu.

Nilifungua kinywa nimwite. Kabla sijamwita, nyayo zikaanza kushuka. Zilikuwa nzito, zenye mpigo mmoja, na zilikuwa sabini na mbili. Sajini alitokea kichwa wazi, akanipita bila kunitazama. Jua lilikuwa likichoma kwelikweli siku ile, lakini aliponipita nilisikia harufu ya sufu iliyolowa mvua.

Basi hapo ndipo ilipotokea habari ya kofia.

Jioni ile nilipanda nikihesabu kwa sauti ya chini. Sabini na viwili, kama kitabu changu kisemavyo, kisha chumba kidogo cha mawe chenye dirisha moja na dari nene isiyo na mlango wala ngazi. Kofia ilining'inia kwenye msumari. Nikaunyoosha mkono.

"Nukta..."

Sauti ilitoka juu. Ndani ya dari.

"Nukta... umekuja kunipokea?"

Niliijua sauti ile kabla sijaijua sauti yangu mwenyewe. Nililikimbilia dirisha. Kule chini, langoni, mwanga wa machweo uliwaangukia wawili: Fundi, akitengeneza mkoba wake, na kando yake mwanamume mwenye uso wa binamu yangu. Taratibu mwanamume yule aliinua uso wake. Alinitazama pale dirishani, mimi, si pengine. Kisha akapandisha mkono hadi kwenye paji la uso, akapiga saluti, kama mtu ashukuruye.

Na juu yangu sauti ilinong'ona: "Huku baridi... Nimesimama siku nyingi, Nukta."

Alikuwa amesimama nusu saa.

"Mwambie Fundi asinikatie tamaa."

Labda ningemjibu. Nimejiuliza mara nyingi, nami husema labda. Lakini alimtaja Fundi. Hata pale, katika jiwe na giza, alikuwa na hakika naye, kama mtu awaye na hakika na mfuko wake mwenyewe.

Nikaichukua kofia, nikashuka.

Majuma yaliyofuata, nyumbani kwa mama palikuwa na mgeni mwenye uso wa mwenyeji. Hakuketi kwenye kiti. Alikula amesimama kando ya mlango. Kitanda chake kilikutwa asubuhi kama kilivyotandikwa. Kila giza lilipoingia, mtu akivuka ua, sauti ilitoka kizani: "Nani apita?" Mama alijibu, "Mimi, baba, mama yako," akicheka. Baadaye alijibu bila kucheka. Baadaye tena akaacha kutoka uani jioni, akasema tu kwamba jeshi limemkausha mwanawe, na macho yake hayakunitazama aliposema.

Nami nilikuwa na tumaini langu, tumaini chafu. Nilingoja Fundi aone, aogope, amwache. Ikawa kinyume. Yule kiumbe alisimama mlangoni pa duka tangu linapofunguliwa mpaka linapofungwa, na Fundi alinijia uso umeng'aa, akanieleza kuwa mchumba wake amebadilika. Zamani alikuwa wa kupitapita, leo ametulia, anamngoja kutwa nzima kama mtu aliyekwisha kungoja na hakuna aliyetokea. Nilimsikiliza moyo ukiungua. Mtu nilikuwa nimemwondoa, na wivu haukuondoka naye, uliongezeka. Nilimwonea wivu yule wa juu mnarani kwa kuwa alipendwa, nikamwonea wivu yule wa chini kwa kuwa anapendwa.

Nikashika wembe. Safari hii nilikata kifungo cha koti langu.

Na hapa nitakiri upumbavu wangu. Nilikuwa nimeinyofoa karatasi ile ya ukurasa wa kumi na moja kutoka jalada la kiwandani, mtu asije akaziona sentensi zilizofutwa, wala mwandiko wa aliyezifuta. Niliificha mahali pa salama kuliko pote. Mfuko wa ndani wa koti.

Nililipeleka koti Jumatatu. Jumatano Fundi alivuka barabara. Hakuwa amewahi kuivuka kuja kwangu; mimi ndiye mvukaji. Alisimama mbele ya meza yangu na futi shingoni, akainama karibu mpaka nikaona mikwaruzo ya pini midomoni mwake, na akaninong'oneza habari ya koti la harusi. Mwezi wa nyuma alimpima Sajini mkono: inchi ishirini na nne. Jana alimjaribisha koti, na mikono ikaishia juu ya vifundo. Akampima upya. Ishirini na sita na nusu.

"Nimepima mara tatu," alisema.

"Mwili hubadilika," nilisema.

"Kiuno hubadilika, shemeji. Mkono haurefuki."

Nilijitia kucheka. Nikasema labda futi yake imechakaa. Hapo hapo alinyoosha futi mkononi mwangu, kuanzia begani hadi kifundo, mbele ya wapanga herufi wote wa kiwandani. Ishirini na mbili, kama ilivyokuwa kwenye daftari lake tangu shati langu la kwanza. Futi haikuwa na kosa. Akanitazama kwa muda mrefu kuliko alivyopata kunitazama katika miaka ile yote.

"Koti lako limekwisha," akasema. "Njoo ulichukue kesho jioni, kisha twende ngomeni. Mimi na wewe tu. Asijue."

Mimi na wewe tu. Nilinyoa mara mbili. Nilivaa shati lenye vifungo vyote.

Njiani alikuwa mpole. Alinisimulia habari za dukani, za bibi mmoja aletaye gauni lilelile kila mwaka kupanuliwa, naye kila mwaka humlaumu dobi. Tulicheka. Hakuniita shemeji hata mara moja, nilizihesabu. Aliniita Nukta. Nilikuwa nimelivaa koti langu na kifungo kipya kiling'aa, na sikukumbuka kuupapasa mfuko wa ndani. Mtu mwenye furaha hapapasi mifuko.

Tulipofika chini ya mnara, Bi Funguo alikuwa mbali, uani, akipiga kengele ya kufunga. Mwanga ulikuwa umebaki kidogo, rangi ya chai iliyopoa. Fundi alitia mkono kifuani mwake, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne.

Niliijua kabla hajaikunjua.

Ulikuwa ukurasa wa kumi na moja. Mstari wangu mwekundu ulikuwa pale pale, na mkia wake uliojikunja. Lakini chini ya sentensi nilizozifuta palikuwa na kitu ambacho sikukiweka mimi. Uzi mwekundu. Mishono midogo, myembamba, iliyotoboa karatasi na kurudi, imeachana kwa kipimo kimoja tangu neno la kwanza hadi la mwisho.

Nukta.

"Nimekumbuka vizuri?" alinong'ona. "Zikiwa chini ya maneno yaliyofutwa..."

"Yarudishwe," nilisema.

"Yarudishwe," alisema.

Ningeweza kukimbia. Mlango ulikuwa nyuma yake, naye ni mtu mdogo. Lakini kule juu, ndani ya jiwe, sauti iliita, hafifu kama ya mtu aliyesahau kuongea.

"Nukta..."

Fundi akaisikia. Nilimwona akiisikia. Aliinua uso wake kuielekea sauti ile, na uso ule, jinsi ulivyofunguka, ndio niliokata vifungo vyangu vyote kwa ajili yake na nisiupate. Sikuupata hata wakati ule. Ulinipita juu ya kichwa.

Alijiweka kando. Akanyoosha mkono kwa adabu.

"Tangulia."

Hakuna aliyenisukuma. Miguu ilipanda kama miguu ya mtu aliyeamriwa. Nilihesabu. Hamsini... sitini... sabini. Sabini na moja. Sabini na mbili. Hapa ndipo kitabu changu kinapokoma.

Mguu ukatafuta sakafu ya chumba.

Ukakuta kidato.

Sitasema palivyo pale juu, kwa kuwa hapana vitu vya kutajiwa majina. Pana baridi. Pana tundu dogo la kuchungulia. Mtu hakunipita ngazini, naapa, wala bega halikugusa bega. Lakini mara tu nilipokikanyaga kile kidato, nilisikia nyayo zikishuka chini yangu. Nilizitambua. Zilikuwa za viatu vyangu.

Kisha nikasikia futi ikikunjuliwa, na sauti ya Fundi, kule chini kabisa, ikihesabu inchi kwa kunong'ona, kama mtu asomaye dua.

"Ishirini na moja... ishirini na mbili..."

Hakukoma.

"Ishirini na tatu... ishirini na nne."

Akakoma. Halafu nikasikia kilio, na ndani ya kilio kicheko, kile kicheko kimoja cha watu wawili.

Nilichungulia. Walikuwa wakitoka langoni. Fundi amemshika mkono mwanamume aliyevaa koti langu, na mikono ya koti ilikuwa imeishia juu ya vifundo vyake, inchi mbili. Mwanamume aligeuka kuutazama mnara. Uso ulikuwa wangu. Fundi aliushika kwa viganja vyote viwili, akaugeuza kwake, akautazama kama ambavyo niliomba Mungu siku moja autazame.

Nikauonea wivu uso wangu mwenyewe.

Yule mwingine, mwenye uso wa Sajini, sijui yuko wapi. Huenda bado amesimama mlangoni kwa mama, akiuliza nani apita. Sijui mama anapomfungulia mwanawe mlango siku hizi anamfungulia nani, na kama anahesabu.

Mimi nasikiliza. Kutwa wageni hufika chini ya ngazi, nami huwasikia wakipeana nafasi, watu wana adabu siku hizi. Pita wewe. Hapana, pita wewe. Anza wewe, mimi nitakuja. Wanalizunguka neno kama nondo wazungukao taa. Jana mume mmoja aliwahi kufika hata *ta*... kisha mkewe akapiga chafya, akasahau alichotaka kusema.

Atakuja wa kulisema. Wageni wote hupewa kile kitabu langoni, na hakuna ukurasa unaowakataza. Nilikisahihisha mwenyewe.

Hakina kosa hata moja.